Ufaulu umeshuka chuoni: kosa ni la wahadhiri au la uongozi?

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi, na nimeteuliwa kuwa katibu wa kamati inayochunguza kwa nini ufaulu wa wanafunzi wetu unashuka, hasa mwaka wa kwanza. Kamati imegawanyika. Wajumbe wa utawala wanasema tatizo ni wahadhiri: wengi hawana uzamivu, na wanafunzi wanawapa alama ndogo kwenye fomu za tathmini. Wahadhiri wanasema tatizo ni uongozi: madarasa yamefurika, ratiba inabadilika kila mara, wasaidizi hakuna. Pendekezo lililo mezani ni kwamba kila anayefundisha awe na uzamivu ndani ya miaka michache, na atakayepata tathmini mbaya mara mbili mfululizo asiongezewe mkataba. Utafiti unasemaje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na pendekezo hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Kama nia ni kupandisha ufaulu, nusu yake ya kwanza itasaidia kidogo sana na nusu ya pili inaweza kuharibu. Kupata uzamivu hakumfanyi mtu ajue kufundisha. Na fomu za tathmini zikishatumika kukatia watu mikataba, zinawafunza wahadhiri jambo moja tu: kulegeza mtihani. Wenzako wa utawala hata hivyo hawajakosea kila kitu, na wahadhiri nao hawawezi kujivua lawama yote.

Mnaposema ufaulu umeshuka, mnachohesabu ni alama. Ndani ya alama moja kuna mambo mawili yaliyochanganyika: mwanafunzi amejifunza kiasi gani, na mtihani ulikuwa mgumu kiasi gani. Ukitazama jedwali la matokeo huwezi kuyatenganisha, na hapo ndipo kamati nyingi hupotea njia kabla hata ya kikao cha pili.

Mahali palipowezekana kuyatenganisha vizuri ni chuo cha jeshi la anga la Marekani kilichoko Colorado. Katika masomo ya lazima ya pale, mwanafunzi hachagui mhadhiri. Anapangiwa mkondo kwa bahati nasibu, na mikondo yote ya somo moja inafuata muhtasari mmoja na kufanya mtihani mmoja. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba mhadhiri fulani alipata wanafunzi wenye akili zaidi. Wachumi wawili, Scott Carrell na James West, walichukua rekodi za wanafunzi zaidi ya 10,000 wa kati ya 2000 na 2007, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona. Katika hesabu za mwaka wa kwanza, wahadhiri wenye uzoefu mdogo ndio waliotoa matokeo mazuri zaidi, na ndio waliosifiwa zaidi kwenye fomu. Kisha watafiti wakawafuatilia wanafunzi haohao hadi kwenye masomo ya mbele yanayojengwa juu ya lile la kwanza. Huko mambo yakapinduka. Waliofundishwa na wahadhiri wakongwe, ambao mwanzoni walionekana wa kawaida tu, wakawapita wenzao.

Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mgeni alifundisha kile kitakachoulizwa, mkongwe akafundisha somo. Mwanafunzi wa mkongwe aliteseka zaidi muhula ule, akamnung'unikia kwenye fomu, halafu akavuna baadaye.

Unaweza kusema hao ni wanajeshi, mambo yao mengine. Sawa. Lakini katika Chuo Kikuu cha Bocconi, Milan, ambako wanafunzi wa uchumi na biashara nao walipangiwa madarasa kwa bahati nasibu, utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta jambo lilelile: wahadhiri ambao wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi kwenye masomo yaliyofuata ndio waliopewa tathmini za chini. Tena watafiti wakaona kwamba siku za mvua na baridi tathmini zilishuka. Yaani mtu anyimwe mkataba kwa sababu fomu zilijazwa siku ya mawingu!

Sasa fikiria kitakachotokea kwenu pendekezo likipita. Mhadhiri si mjinga. Akijua kazi yake inategemea fomu na asilimia ya waliofaulu, ataliondoa lile swali linalomlazimisha mwanafunzi kufikiri, atarudisha maswali ya mwaka jana, na wiki moja kabla ya mtihani atatoa "maeneo ya kusoma". Ufaulu utapanda muhula huohuo. Utawala utapongezwa. Wanafunzi wakifika mwaka wa tatu bila msingi, mtaunda kamati nyingine.

Sisemi fomu zichomwe. Zinajua mambo ambayo mwanafunzi ameyaona kwa macho yake: je, mhadhiri alifika kipindini, alianza kwa wakati, majaribio yalirudishwa lini, alipatikana ofisini saa alizotangaza? Ulizeni hayo, mtapata majibu ya kuaminika. Kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mhadhiri "ana umahiri katika fani yake" ni kumtwisha hukumu asiyo na uwezo nayo.

Tuje kwenye uzamivu. Mafunzo ya uzamivu yanamwandaa mtu kufanya utafiti: kuuliza swali jipya, kukusanya ushahidi, kuutetea mbele ya watahini. Kufundisha watu 300 ambao hawajui hata kwa nini somo lipo ni ufundi mwingine. Mwaka 1996 John Hattie na Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 zilizopima kama watafiti wazuri ndio walimu wazuri. Uwiano waliouona, yaani kipimo cha namna vitu viwili vinavyokwenda pamoja, ambacho 1 ni kamili na sifuri ni hakuna kabisa, ulikuwa 0.06, karibu na sifuri. Hii haina maana kwamba utafiti unaua ufundishaji, maana uwiano haukuwa hasi. Ni vitu viwili vinavyoishi kila kimoja kivyake, na ukiajiri kwa kimoja hujanunua kingine. Mhadhiri lazima aijue fani yake kwa kina, hilo halina mjadala, na kwa masomo ya miaka ya juu na usimamizi wa tasnifu uzamivu una uzito wake. Lakini tatizo lenu liko mwaka wa kwanza.

Kuna jaribio moja ninalopenda kuwaonyesha wakuu wa idara. Lilifanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, likachapishwa 2011; mmoja wa waandishi wake ni Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Walichukua mikondo miwili ya darasa la fizikia la mwaka wa kwanza, kila mmoja na wanafunzi zaidi ya 250. Kwa wiki moja mkondo wa kwanza uliendelea na mhadhiri wake mzoefu, mwenye sifa nzuri kwa wanafunzi, akihadhiri kama kawaida. Mkondo wa pili ukapewa watu wawili wasio na uzoefu wa kufundisha darasa kama lile, ila walikuwa wamefunzwa namna ya kuliendesha. Wanafunzi walisoma kurasa chache kabla ya kuja. Kipindini, swali likawekwa ubaoni. Kila mmoja akafikiri, akapiga kura ya jibu kwa kidude cha mkononi, kisha wakajadiliana wawili watatu. Mwalimu akapita katikati yao akisikiliza, na mwishowe akaeleza hasa pale alipowasikia wanakwama. Mtihani mfupi ulipotolewa, mkondo wa mhadhiri mzoefu ulipata wastani wa asilimia 41. Ule mwingine ulipata 74.

Ni wiki moja tu, na mtu makini atasema wiki moja haitoshi. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ambamo wanafunzi hufanya kazi kipindini ulikuwa 21.8. Sidhani kama kuna sera ya ajira itakayowapa tofauti ya namna hiyo kwa mwaka mmoja. Jiandaeni lakini kwa manung'uniko. Jaribio la Harvard lililochapishwa 2019 lilionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la namna hii walijifunza zaidi huku wao wenyewe wakiamini wamejifunza kidogo. Mhadhara laini unamfanya mtu ahisi ameelewa. Hapo tena fomu zenu zitawapoteza.

Basi wahadhiri ndio wenye kosa? Ngoja. Mhadhiri ataendeshaje kipindi cha namna hiyo kama ukumbi umebadilishwa asubuhi ileile, projekta imekufa, na hakuna aliyewahi kumfunza kufanya hivyo? Kamati yenu imegawanyika kwa sababu mmeuliza swali la ama hiki ama kile, wakati ubora wa mhadhiri si kitu anachokuja nacho kamili siku ya kuajiriwa. Sehemu kubwa yake hujengwa au hubomolewa na maamuzi ya uongozi, na uongozi ninaousema si ule mnaoufikiria.

Wahadhiri wakisema "uongozi" humaanisha makamu mkuu wa chuo na baraza. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa vyuo vya Uingereza, idara karibu 250 katika vyuo zaidi ya 100. Watafiti waliwahoji wakuu wa idara na ofisi za utumishi kuhusu namna wanavyoendesha shughuli: wanaajiri vipi, wanapandisha watu vyeo kwa kigezo gani, wanafuatilia vipi kazi. Idara zilizosimamiwa vizuri zilifanya vizuri zaidi katika utafiti na katika ufundishaji pia, na kilichobeba uzito mkubwa kilikuwa namna ya kuajiri, kubakiza na kupandisha watu. Lililo muhimu kwenu ni kwamba tofauti hiyo ilionekana kwenye usimamizi wa idara. Ubora wa usimamizi wa makao makuu haukuwa na uhusiano wa kueleweka na matokeo. Ni uwiano, hautuambii kipi kilianza, lakini unalingana na ninayoyaona kila ninapoitwa kukagua programu: chuo kimoja, makamu mkuu mmoja, idara mbili zilizopakana kwenye korido moja, na matokeo mbali kama mbingu na ardhi.

Mkuu wa idara ndiye anayeamua nani afundishe nini, na hapo kuna desturi mbaya iliyozoeleka vyuoni. Somo kubwa la mwaka wa kwanza hupewa aliyeajiriwa jana, kwa kuwa hana nguvu ya kukataa. Wakubwa huchukua darasa la watu 12 la mwaka wa nne. Kwa hiyo wanafunzi wanaohitaji mwalimu mwenye uwezo zaidi hupata yule anayejifunza kazi. Sitaki mwelewe kwamba dawa ni kumlazimisha profesa yeyote aende mwaka wa kwanza. Pale Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, Marekani, watafiti walifuatilia wanafunzi walioingia kati ya 2001 na 2008, wakaona kwamba waliofundishwa somo la mwanzo na wahadhiri wa mkataba, ambao kazi yao kuu ni kufundisha, walifanya vizuri zaidi kwenye somo lililofuata kuliko waliofundishwa na maprofesa wenye ajira ya kudumu. Lakini wengi wa hao wa mkataba walikuwa wameajiriwa muda wote, waliokaa chuoni miaka. Msiwachanganye na mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo vitatu, anayeshuka kwenye basi dakika tano kabla ya kipindi na kuondoka kabla maswali hayajaisha. Huyo hata awe hodari vipi, mwanafunzi hana pa kumpata.

Jambo la pili lililo mikononi mwa idara ni majaribio kurudi kwa wakati, na hapa ningeomba kamati ikae muda mrefu. Chukueni somo moja lenye matokeo mabaya, mlifuate kwa tarehe. Mara nyingi mtakuta hivi: jaribio la kwanza lilifanywa wiki ya tano, la pili wiki ya kumi na moja, na karatasi za la kwanza zikarudi wiki ya kumi na mbili. Mwanafunzi anafungua yake, anakuta 38 kwa wino mwekundu, mikasi mitatu ya kuonyesha makosa pembezoni, hakuna neno hata moja. Kosa alilolifanya wiki ya tano, la kuchanganya alama ya kutoa mabano yalipofunguliwa, amelirudia kwenye jaribio la pili na atalirudia kwenye mtihani wa mwisho, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kwenye jedwali lenu ataonekana mwanafunzi dhaifu.

Kabla hamjamlaumu mhadhiri, pigeni hesabu. Karatasi 300, dakika kumi kila moja, ni saa 50 za kusahihisha kwa jaribio moja la somo moja. Ana masomo matatu. Asipopewa wasaidizi ataweka mikasi, na mimi ningeweka mikasi. Idadi ya wasaidizi wa kusahihisha na kuendesha semina inaamuliwa kwenye bajeti, kwa hiyo hapa lawama ya wahadhiri kwa uongozi ina haki kabisa. Yule mwenye darasa la watu 40 anayerudisha karatasi baada ya miezi miwili hana utetezi huo.

Kuhusu madarasa yaliyofurika: ni kweli ukubwa unadhuru, ila si kwa mstari ulionyooka. Utafiti wa chuo kimoja cha Uingereza uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba athari iko kwenye ncha mbili, darasa dogo sana linapokua na darasa kubwa sana linapozidi kukua. Katikati pana eneo pana ambamo kuongeza au kupunguza wanafunzi kadhaa hakubadilishi kitu. Kwa hiyo kugawa darasa la 90 kuwa mawili ya 45 kwa gharama kubwa kunaweza kusiwape chochote. Fedha hiyo iende kwenye semina ndogo za lile darasa la 300.

Halafu kuna uongozi ambao haugusi darasa kabisa lakini unaangusha watu. Alama zilizopotea. Mwanafunzi aliyekosa kusajiliwa kwenye somo kwa sababu mfumo uligoma. Salio dogo la ada linalomzuia kuingia kwenye mtihani. Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilipoanza kuyachukulia haya kama tatizo la kitaaluma, kilianza mwaka 2011 kuwalipia masalio madogo wanafunzi waliokuwa karibu kufutwa usajili, na tangu 2012 kikawa na mfumo unaofuatilia dalili za hatari zaidi ya 800 kwa kila mwanafunzi, ili mshauri amwite kabla hajaanguka. Mwaka 2003 asilimia 32 tu ya wanafunzi wake walikuwa wakihitimu ndani ya miaka sita. Baada ya takriban miaka kumi ilifika 54. Waliyafanya mengi kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kukuambia dalili 800 zilichangia kiasi gani. Nyinyi hamhitaji 800. Mahudhurio ya wiki nne za kwanza na alama ya jaribio la kwanza vinatosha kuanzia, mradi awepo mtu anayelipwa kuvitazama na kupiga simu.

Ushahidi ulio imara zaidi unatoka vyuo vya umma vya miaka miwili vya jiji la New York. Programu yao iliyoanza 2007 ilipimwa kwa kuwagawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa bahati nasibu. Kundi lililosaidiwa lilipewa mshauri mwenye wanafunzi 60 hadi 80, wakati kawaida ilikuwa 600 au zaidi, pamoja na nauli, vitabu na pengo la ada, kwa sharti la kusoma muda wote na kuonana na mshauri mara kwa mara. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 walikuwa wamehitimu; kwa wenzao ilikuwa 22. Wahadhiri walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna chuo kilivyowashika wanafunzi mkono.

Tazama pia upande wa pili wa takwimu hiyo: asilimia 60 hawakuhitimu ndani ya miaka hiyo mitatu pamoja na msaada wote ule. Maandalizi ya sekondari, kazi za usiku, majukumu ya nyumbani, hayo yanafika chuoni na mwanafunzi. Mkilinganisha mwaka huu na miaka mitano iliyopita, angalieni kwanza kama viwango vya udahili vilibaki vilevile. Mara nyingi chuo huongeza udahili, kisha kinashangaa ufaulu ukishuka.

Kazi yako kama katibu naiona hivi. Usikubali dodoso la kawaida, lile la "nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika", linalowauliza wanafunzi kama uongozi ni mzuri na wahadhiri ni bora, kisha majibu yanalinganishwa na wastani wa alama zao. Anayefaulu huona kila kitu kizuri, anayefeli huona kila kitu kibaya, na mtaandika kwamba uongozi bora huleta ufaulu bila kujua kipi kilileta kipi. Omba kwa msajili matokeo ya miaka mitano kwa kila somo na kila mkondo, sio wastani wa kitivo. Nadhani mtakuta anguko limekaa kwenye masomo machache. Kwa hayo machache, andika nani alifundisha, alikuwa na vipindi vingapi kwa wiki, wanafunzi wangapi, wasaidizi wangapi, majaribio yalirudi lini, na mtihani ulitungwa na nani. Pale somo lilipokuwa na mikondo miwili na mtihani mmoja, fuata wanafunzi wa kila mkondo hadi mwaka wa pili. Omba pia karatasi za mtihani za miaka yote mitano, uwape wahadhiri wawili kutoka chuo kingine wazipange kwa ugumu bila kuona mwaka. Ikiwa mtihani ndio uliopanda, kikao chenu kijacho kitakuwa na ajenda nyingine kabisa, na pendekezo la mikataba lisubiri mpaka hapo.